Twashangilia Tanga, Ngama Twaisahau

Nimewasikia watu wakibishana barazani mpaka usiku wa manane juu ya nani nahodha hodari kuliko wote katika mashindano ya mashua pale Lamu. Huyu atasema fulani ndiye ajuaye kupiga bisho mbele ya Shela. Yule atasema la, fulani ndiye aujuaye upepo, na vijana wake huhamisha magunia ya mchanga kabla hajafungua kinywa kuwaamrisha. Ni mabishano matamu, nami mwenyewe hutia langu. Lakini katika miaka yote hiyo sijapata kumsikia hata mtu mmoja akishikilia kuwa mashua fulani ndiyo iliyotunzwa vizuri kuliko zote. Jambo hilo halina mshabiki, wala halina zawadi. Na mimi naona hapo ndipo tulipopotoka.

Vyombo ninavyovisema ni vya starehe. Siku za kawaida huchukua wageni kwenda Manda kutazama magofu ya Takwa, au kupitia mkondo wa mikoko mpaka Matondoni. Siku za Idi huwapeleka watu wa mji mandarini. Na yakifika Maulidi katika juma la mwisho la Mfungo Sita, au tamasha la utamaduni ambalo kwa kawaida hufanywa Novemba, hutwekwa tanga kubwa na kushindana mbele ya mji mzima. Kwa kuwa ni vya starehe, wengi hudhani kuwa na utunzaji wake ni jambo la hiari. Jahazi la mizigo likivuja, tajiri hupoteza sukari yake na saruji yake, kwa hivyo hulitazama. Mashua ya matembezi ikivuja, kijana mmoja hupewa upo akaambiwa afue maji, na safari ikaendelea kwa vicheko.

Wazee wetu wana methali isemayo mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Sisi hupenda kuitumia kwa mtu aliyetangatanga duniani kisha akarejea kwao. Hiyo ni maana nzuri, lakini yafaa pia kuichukua kama ilivyo, bila fumbo. Maji yakiingilia omo, yakiingilia tezi, yakiingilia kwenye mshono wa mbao katikati ya ubavu, yote hurejea ngamani. Ngama ndiyo daftari la chombo. Ukitaka kujua mwenye mashua ni mtu wa namna gani, usitazame lile jicho la mviringo lililopakwa rangi omoni. Inua mbao za sakafu uchungulie chini. Nimeona mashua ambayo jicho lake lilipakwa rangi mpya kila msimu, nyota na mwezi vikang'aa, ilhali ngamani mna maji meusi, maganda ya machungwa na harufu ya kumfukuza paka.

BAMVUA

Bahari yetu ina ukarimu ambao bahari nyingine hazina. Kule Mediterania maji hupanda na kushuka kidogo mno, na mwenye mashua akitaka kulisafisha tumbo lake hana budi kutafuta mtambo wa kuinyanyua na kuulipia. Kwetu, maji ya bamvua hupanda na kushuka kiasi cha mita 3 na zaidi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, bahari yenyewe hukuinulia chombo chako ikakiweka mchangani, na baada ya saa chache ikaja kukichukua. Hakuna ada wala foleni.

Tena tazama saa zake. Katika pwani ya Kenya, siku za bamvua maji hujaa karibu na alfajiri, hupwa mnamo saa nne za asubuhi, kisha hujaa tena alasiri. Ni hivyo mwaka mzima, kwa sababu bamvua la mahali pamoja haliachi saa zake. Kwa hivyo mtu akisali alfajiri hukisogeza chombo pwani, maji yanapomkimbia hukitia gadi kisilale vibaya, na mpaka saa mbili au saa tatu tumbo lote liko nje. Akirudi kutoka sala ya alasiri hukuta maji yamekwisha kufika mkukuni. Mashua ndogo hulazwa ubavu mmoja leo na ubavu wa pili kesho. Siku mbili zatosha, na mara mbili kila mwezi wa Kiislamu nafasi hiyo hurudi. Mwenye kusema hana nafasi ya kukitazama chombo chake, sijui husubiri nafasi gani nyingine.

Kazi yenyewe huanza kwa kukwangua. Mwani, ute na vile vidudu vya magamba makali vinavyokata nyayo huondolewa vyote, kwani mbao zilizofunikwa hazitazamiki. Kisha hupitishwa moto wa makuti makavu chini ya tumbo. Mgeni akiona mara ya kwanza hudhani watu wamerukwa na akili, wanaichoma mashua yao wenyewe. Lakini moto huo hukausha unyevu, huua vilivyobaki, na huyeyusha shahamu ya zamani ili ya mpya ishike. Si moto wa kuchezea. Fundi hutembea nao mbao baada ya mbao wala hauachi usimame mahali pamoja, na pembeni yake huwapo mtu na ndoo ya maji.

Baada ya moto ndipo fundi hugonga. Huchukua nyundo ndogo akagonga polepole kuanzia fashini hadi omo, sikio lake karibu na mbao, na wenye adabu hunyamaza. Mbao nzima hulia sauti kavu. Mbao iliyoliwa ndani huitikia kwa mguno. Kazi hii hainunuliwi dukani. Nimewahi kumwona fundi mmoja akisimama mahali ambapo mimi sikuona wala kusikia lolote, akatoa kisu, akakichomeka, nacho kikazama mpaka mpini.

Kisha huja kalafati. Pamba husokotwa, huchovywa katika mafuta, na hupigwa kwa chembeu na nyundo mpaka ikae ndani ya mshono wa mbao mbili. Watu hudhani kadiri unavyopiga pamba nyingi ndivyo unavyoziba zaidi. Sivyo. Ikipigwa kidogo maji hupenya. Ikipigwa kupita kiasi huzisukuma mbao zikaachana, misumari ikalegea kwenye mataruma, na chombo ambacho kilikuwa kikivuja mahali pamoja kikavuja mahali kumi. Aliyejifunza hujua kwa mlio wa nyundo kwamba sasa imetosha.

Mwisho hupakwa shahamu, nayo ni mafuta ya mnyama yaliyoyeyushwa yakachanganywa na chokaa, hupakwa kwa kiganja cha mkono yangali na joto. Tumbo hugeuka jeupe na kuteleza. Kwa mashua ya mashindano hii si kinga tu, ni mwendo, maana tumbo lenye mwani huvuta maji nyuma kama mtu aliyeshikwa kanzu. Nahodha aweza kuujua upepo atakavyo. Chini kukiwa kuchafu atapitwa na mtu asiyefika nusu ya ujuzi wake.

ADUI ASIYEONEKANA

Wako wasemao kuwa kupandisha chombo kila mwezi au kila baada ya miezi miwili ni kujisumbua, kwamba wao hupandisha mara moja kwa mwaka na mashua yao haijazama. Hao hawamjui adui. Yuko mdudu wa maji ya chumvi atoboaye mbao, ambaye watu humwita mnyoo kwa umbo lake, lakini wataalamu wamemweka katika ukoo wa chaza na kome. Huingia akiwa mdogo kama punje ya chumvi. Tundu aliloingilia hubaki dogo vivyo hivyo, huku yeye akikua ndani, akila mbao kwa urefu wake na kuipaka njia yake chokaa kama mtu anayepiga lipu ukuta wa nyumba. Nje mbao ni nzima, imepakwa rangi, inapendeza. Ndani ni sega la nyuki. Serikali ya Uingereza ilipofunika merikebu yake ya vita kwa bati la shaba mwaka 1761 ili kujaribu kumzuia, haikufanya hivyo kwa mapambo.

Dawa ya mdudu huyu ni kutompa raha. Hawezi kuishi pakavu muda mrefu, wala hapendi maji matamu, na akikuta mbao iliyofunikwa vizuri kwa shahamu hapati pa kuanzia. Ndiyo maana ya kufuata bamvua. Aliyetazama kila mwezi humkuta angali mlangoni. Aliyengoja mwaka humkuta amekwisha kuwa mwenye nyumba.

Nao upande wa juu wa chombo una adui mwingine, na huyu hutoka mbinguni. Maji ya chumvi huihifadhi mbao. Maji ya mvua huiozesha. Masika yakinyesha juu ya mashua iliyoachwa wazi, maji matamu hutuama penye viungo vya mataruma na kuoza huanzia hapo. Mabaharia wa zamani walikuwa wakimwagia chombo maji ya bahari asubuhi na jioni, na watoto wa leo wakiona hucheka, ati yaoshwa kwa maji ya chumvi. Yaoshwa, na yazuiwa isikauke ikapasuka kwa jua, na yazuiwa isioze. Kazi tatu kwa ndoo moja. Mashua ikikaa pwani wakati wa kusi yafaa ijengewe kibanda cha makuti, na kabla ya kushuliwa iachwe kwanza inywe maji mbao zivimbe, ndipo ipakiwe watu.

Tanga na kamba sitavisema sana, kwa kuwa hivyo huonekana na kwa hivyo hutunzwa. Ila nitasema kuwa tanga la marekani likikunjwa bichi huota ukungu kwa siku chache na likachanika siku ya upepo mkali, yaani siku ile ile linapohitajiwa. Na hizi kamba za nailoni zilizochukua nafasi ya kamba za kumbi, watu wamezipokea kama vitu visivyokufa. Jua huziua. Kamba ya kumbi ilikuwa na adabu ya kukuonya, ikianza kuchakaa unaiona. Ya nailoni huliwa na jua polepole, nawe waendelea kuiamini mpaka siku foromali inapokuja kichwani.

Kuhusu rangi za madukani nina neno. Sasa kila mwenye fedha hutafuta rangi ya kuua vidudu vya tumbo la chombo, akaona shahamu ni ushamba. Simkatazi mtu. Lakini yafaa tukumbuke yaliyowafika wenzetu. Ufaransa ina ghuba iitwayo Arcachon ambako hufugwa chaza. Boti za starehe za hapo zilipakwa rangi yenye dawa ya bati iitwayo tributiltini, nayo ilifanya kazi vizuri mno, hata chaza wakaharibika magamba na kushindwa kuzaana, na wafugaji wakapata hasara kubwa. Mwaka 1982 serikali yao iliipiga marufuku kwenye boti ndogo. Uingereza ikafuata mwaka 1987. Na mkataba wa dunia nzima uliotiwa saini mwaka 2001 ukaanza kutumika mwaka 2008. Chanzo chake kilikuwa mashua za matembezi, za watu waliotoka kwenda kupunga upepo siku ya Jumapili. Shahamu na chokaa havikuwahi kumnyima mtu kitoweo chake.

CHUO CHA MWISHO

Sasa nije kwenye jambo linalonifanya niandike. Zamani hakukuwa na haja ya kumfundisha mtu kutunza chombo. Bandari za Mombasa, Malindi na Lamu zilikuwa na majahazi ya mizigo pwani yake yote. Vyombo vya Arabuni na Ghuba vilikuja na kaskazi, vikangoja kusi, na kabla ya kurudi vilipandishwa pwani vikapakwa shahamu. Mtoto aliyecheza ufukweni alijifunza kalafati kama alivyojifunza kuogelea, bila kujua kuwa anafunzwa. Kisha mwaka 1982 serikali ilizuia boriti za mikoko kuuzwa nchi za nje, na safari hizo zikapoteza shehena yake kubwa. Sisemi uamuzi ule ulikuwa mbaya, maana mikoko nayo ina haki yake. Barabara zikaja, malori yakachukua mizigo, injini zikachukua nafasi ya matanga. Majahazi yakazeeka gadini na hayakuwa na warithi.

Vilivyobaki vya mbao na tanga kwa wingi ni hivi vya starehe na mashindano. Hivyo ndivyo vinavyompa fundi kazi leo, na hivyo ndivyo kijana aweza kuviona vikichomwa makuti na kupigwa kalafati. Mambo yamegeuka juu chini: zamani mchezo uliishi kwa mgongo wa kazi, leo kazi inaishi kwa mgongo wa mchezo. Mashua ya mandari imekuwa chuo cha mwisho cha mafundi wetu, na chuo hicho tukikiacha kioze hatuna kingine. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na kila mtu husifu milango na mawe. Mlango hukaa miaka mia mahali pake hata asipoutazama mtu. Mashua haikai hivyo. Urithi wake umo mikononi mwa yule anayejua pamba ipigwe kiasi gani, na huyo akifa bila mwanafunzi hakuna wa kumchonga upya.

Tumekwisha kuonja mambo yanavyoweza kuwa. Watalii walipotekwa karibu na Lamu mwaka 2011, kisha yalipotokea mashambulizi ya Mpeketoni mwezi wa Juni 2014 na watu wakazuiwa kutoka usiku, wageni walikauka. Mwaka 2020 maradhi ya korona yakafunga hata ndege. Katika misimu hiyo wenye vyombo hawakuwa na senti ya kununulia pamba, seuze mbao. Mashua zilikaa juani pwani, mishono ikafunguka ukaweza kupitisha kidole. Nyingine zilirudi majini baadaye kwa lami na vipande vya bati, na watu wakazipanda wakidhani ni zile zile.

Najua nitakayojibiwa. La kwanza, kwamba zama za mbao zimekwisha, faiba imekuja, haina kalafati wala moto. Ni kweli faiba humpunguzia mvuvi taabu, wala simwonei choyo. Na iko ile mashua ya Flipflopi iliyoundwa Lamu kwa taka za plastiki, ikashuliwa mwaka 2018 na kusafiri mpaka Unguja mwanzoni mwa mwaka 2019, dunia nzima ikaitazama. Lakini ilitokana na nini? Na mafundi waliokwisha kuijua mashua ya mbao. Umbo lake, mkuku wake na mataruma yake vyatoka huko huko. Asiyejua ya mbao hataunda hata ya plastiki. Tena faiba nayo yataka kusafishwa, kuzibwa nyufa na kulindwa na jua. Aliyezoea kutokitazama chombo atakitupa cha faiba kama alivyokitupa cha mbao.

La pili ni zito zaidi, nalo ni umaskini. Mwenye mashua atauliza, mimi nalisha watoto saba, nikipandisha chombo siku mbili nani atanipa mapato ya siku mbili? Hapa hukumbuka kisa tukijuacho sote katika Sura ya Kahf, cha wale maskini waliokuwa wakifanya kazi baharini, na Khidhri akakitoboa chombo chao ili mfalme dhalimu asikinyang'anye. Watu husimulia kisa hicho mpaka kwenye kutoboa, wakaishia hapo. Lakini katika mapokezi ya Imamu Bukhari imetajwa pia kuwa hatari ilipokwisha kupita walikitengeneza wakaendelea kunufaika nacho, na wako waliosema kuwa tundu lilizibwa kwa lami. Wale nao walikuwa maskini, na chombo kilikuwa riziki yao yote, na kwa sababu hiyo hasa hawakukiacha na tundu lake. Siku mbili za bamvua ni gharama, nakubali. Lakini mbao moja iliyoliwa na mdudu, kwa bei ya mbao ya leo, hula mapato ya siku nyingi kuliko hizo mbili, ikiwa hata yapatikana, kwani serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma mwezi wa Februari 2018, fundi wa pwani alijifunza maana ya kungojea ruhusa.

Na zaidi ya fedha yako maisha ya watu. Aliyepakia abiria amechukua amana. Akina mama na watoto wanaopanda mashua siku ya Idi hawagongi mbao kusikiliza mlio. Wao huona tanga jeupe na jicho lililopakwa rangi wakajua wako salama. Mamlaka ya Bahari ya Kenya ina wajibu wa kukagua usalama wa vyombo na kuwataka watu wavae jaketi za kuokolea, nami naunga mkono kwa moyo wote. Lakini mkaguzi hawezi kulala ngamani. Hufika siku moja akaondoka, na siku nyingine zote zilizobaki ni za mwenye chombo na fundi wake.

Kwa hivyo rai yangu ni kwa wale wanaoandaa mashindano. Zawadi zote leo hupewa aliyefika kwanza. Nataka itolewe na ya mashua iliyotunzwa vizuri, tena isiwe kikombe kidogo cha kumfuta mtu machozi, bali iwe sawa na ya mshindi wa mbio au isipungue sana. Na ikitolewa, fundi aitwe kwa jina mbele ya watu pamoja na nahodha, naye apewe fungu lake mkononi. Sijapata kuona fundi wa kalafati akishangiliwa hadharani, na nadhani vijana wetu nao wameliona hilo, ndiyo maana kila mmoja ataka kushika kana na hakuna atakaye kushika chembeu. Isitoshe, mashua ambayo haikupandishwa pwani ikatazamwa isiruhusiwe kushindana kabisa. Watanuna wachache mwaka wa kwanza.

Jambo hili halihitaji mtaalamu kutoka ng'ambo wala semina hotelini. Kalenda yenyewe imekwisha kulipanga. Maulidi huwa mwishoni mwa Mfungo Sita, na mwezi huwa mpevu katikati yake. Basi bamvua la tarehe 15 na 16 huja siku kumi hivi kabla ya mbio. Mashua zote zinazotaka kushindana zipandishwe siku hizo, mahali pamoja, mbele ya mji, zitiwe gadi kwa safu. Watoto wa madrasa na wa shule waletwe watazame moto wa makuti na wasikie nyundo. Waamuzi wawe mafundi wazee watatu au wanne. Wapo Matondoni na wapo mjini, na kila mtu awajua. Wape nyundo ndogo na tochi ya kumulikia ngamani, na wakianza maji yanapokimbia mchangani watakuwa wamemaliza kabla ya adhana ya adhuhuri.